Je, wajua? Mbwa mdogo anayetafuna mlango ukiondoka hakukomoi

Jirani ndiye hujua kwanza. Wewe unafunga mlango saa moja asubuhi na kwenda kazini, na aliye upande wa pili wa ukuta ndiye anayesikia mbwa akilia. Jioni unakuta mlango umekwaruzwa, kiatu kimetafunwa, mkojo uko sebuleni, na Maltese au Chihuahua wako amejikunyata kwenye kona, masikio yamelala, macho yanakukwepa. Wengi wetu hutoa hukumu papo hapo: kakasirika kwa kuachwa, kaamua kukukomoa, na sasa anaona aibu kwa kuwa anajua alichofanya.

Hukumu hiyo ina makosa mawili, na kwa sababu yake mbwa wengi huadhibiwa kwa jambo lililo nje ya uwezo wao.

Tuanze na hiyo sura ya aibu. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio alilofanya na mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza asile kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa amekula au hakula, ila wakati mwingine aliyoambiwa hayakuwa kweli. Basi kuna mbwa waliokaripiwa bila kosa, na wengine waliokula wakapokewa kwa furaha. Sura ya aibu ilifuata karipio, haikufuata kosa. Tena ilijitokeza zaidi kwa mbwa waliotii kisha wakakaripiwa. Tunachokiita aibu, basi, ni namna mbwa anavyojinyenyekeza mbele ya mtu aliyekasirika.

Kosa la pili ni hilo la kukomoa. Weka simu irekodi video unapotoka, kisha itazame kwa utulivu. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa kwa kawaida huanza kuhangaika ndani ya dakika chache baada ya mlango kufungwa, na mara nyingi nusu saa haipiti. Huzunguka, hutweta, hudondosha mate, hulia, hukojoa hata kama alishafundishwa kwenda nje. Angalia pia anachokiharibu: mlango, fremu ya dirisha, pazia, yaani pale ulipopotelea, au nguo na viatu vyenye harufu yako. Dalili iliyo wazi kuliko zote kwangu ni chakula. Mwachie kipande cha nyama anachokipenda. Mbwa aliyechoshwa na upweke atakila, kisha atafute kitu cha kuchezea. Mwenye hofu mara nyingi hakigusi mpaka urudi. Kiumbe anayelipiza kisasi hana sababu ya kususia nyama. Aliyeshikwa na hofu kali hawezi kula.

Hofu hiyo inatokana na ukaribu wa mbwa na mtu. Huko Budapest mwaka 1998, József Topál na wenzake walitumia kwa mbwa 51 kipimo kilichobuniwa kwa watoto wachanga na mama zao, wakaona mbwa ameshikamana na mtu wake kwa namna inayofanana sana na ya mtoto. Mwaka 2010 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwafundisha mbwa wa kwenye vituo vya hifadhi kwamba bakuli la upande mmoja lina chakula na la upande wa pili ni tupu, kisha wakaweka bakuli katikati. Mbwa waliohangaika zaidi walipoachwa peke yao walilikaribia hilo la katikati polepole zaidi, kama wasiotarajia kupata kitu. Kwa hiyo huenda mbwa huyu hana raha hata saa ambazo mlango haujafungwa.

Hofu hiyo pia hujifunza kutangulia. Mara ya kwanza ilikuja mlango ulipofungwa. Baadaye mbwa anagundua kwamba kabla ya mlango kuna funguo, kabla ya funguo kuna viatu, kabla ya viatu kuna pasi na manukato. Hofu inarudi nyuma hatua kwa hatua, na kabla hujanywa chai ya asubuhi tayari anatetemeka.

Kuiondoa ni kama kumfundisha kuogelea mtoto anayeogopa bahari. Unamwingiza maji yanapomfika kwenye kifundo cha mguu, mnacheza hapo mpaka asahau kwamba yumo majini. Kesho magotini, baadaye kiunoni. Kina hakipangwi na ukubwa wa bahari wala haraka ya mwalimu. Kinapangwa na uso wa mtoto. Ukimsukuma pale maji yanapofika shingoni, wimbi moja likimfunika, alichojifunza siku hiyo ni kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, na keshokutwa hatakubali hata kifundo.

Kwa mbwa, kina ni muda. Shika funguo, kaa nazo kitini, uzirudishe. Vaa viatu, upike. Rudia mpaka vitu hivyo visimtangazie chochote. Kisha toka nje na urudi papo hapo, kabla hajaanza kuhangaika. Kwa wengine hizo ni sekunde tano tu. Ongeza kidogo, na baadhi ya siku punguza, asione kila zoezi likizidi kuwa gumu. Akilia, ulizidisha, siku inayofuata rudi nyuma. Kazi hii huchukua wiki, mara nyingi miezi, na sehemu ngumu ni kwamba katika kipindi hicho asiachwe kabisa kwa muda asioumudu. Ndugu, jirani anayempenda, dada wa kazi, au kwenda naye kazini: chochote kinachowezekana kinasaidia.

Usimfungie kwenye kizimba ukidhani atatulia. Mbwa mwenye hofu kali huvunjika meno na kucha akijaribu kutoka. Kumletea mwenzake pia si dawa ya uhakika, kwa kuwa wengi wanamlilia mtu wao hata wakiwa na mbwa mwingine pembeni. Ukimpa siagi ya karanga ya kulamba, soma kwanza kibandiko: ikiwa na zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, ni sumu kwake.

Kuna ushauri usio na uthibitisho imara. Unaosikika sana ni kwamba usimuage mbwa. Jaribio dogo la Italia la mwaka 2018, la mbwa 10, liliona waliopapaswa kabla ya kuachwa dakika chache walitulia zaidi. Lakini ni mbwa wachache, na si wale wenye tatizo hili. Kuhusu mbwa wadogo, tafiti hazikubaliani kama wanaathirika kuliko wakubwa, ingawa ni kweli kibofu chao ni kidogo na wengi wamezoea kubebwa na kufuatana na mtu chumba hadi chumba. Na lawama kwamba umemdekeza haina mashiko: utafiti wa Marekani wa mwaka 1992 haukuona uhusiano kati ya kumdekeza mbwa na matatizo ya tabia.

Kabla ya yote mwone daktari wa mifugo, maana mkojo sebuleni unaweza kuwa ugonjwa wa kibofu, na kilio kinaweza kuwa maumivu. Hofu ikiwa kali, zipo dawa. Marekani iliidhinisha klomipramini kwa tatizo hili mwaka 1998 na fluoksetini mwaka 2007, zote zitumike pamoja na mazoezi. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kipimo hupangwa na daktari kwa uzito wa mbwa, kwa hiyo usikate kidonge cha mtu na kumpa.