Maana ya wyrd: majaaliwa, ushujaa na imani katika tendi za Waanglo-Saksoni

Wyrd ni jina ambalo washairi wa Kiingereza cha kale walilipa ile nguvu inayoamua mwisho wa kila mtu, na hasa siku ya kufa kwake. Jina hilo linajitokeza katika mashairi mengi ya Uingereza ya kabla ya uvamizi wa Wanormandi wa mwaka 1066, lakini hakuna mahali linapobeba uzito mkubwa kama katika Beowulf, utendi wa mistari 3,182 uliotufikia kwa nakala moja tu ya mkono. Nakala hiyo iliandikwa na waandishi wawili karibu na mwaka 1000, ikanusurika katika moto wa mwaka 1731 huku kingo zake zikiwa zimeungua. Anayetaka kuuelewa utendi huu hana budi kuona jinsi mambo matatu yanavyoshikana ndani yake: majaaliwa yasiyo na huruma, ushujaa usiokubali kulegea mbele ya majaaliwa hayo, na imani ya Kikristo iliyokuja kuviweka vyote viwili chini ya Mungu mmoja.

Karibu kila tunachokijua kuhusu wyrd kimepitia katika kalamu za Wakristo. Ujumbe wa mtawa Augustine, aliyetumwa na Papa Gregory, ulifika Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 597, na katika karne iliyofuata falme za Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa zama hizo, zilibatizwa moja baada ya nyingine. Kazi ya kuandika vitabu ikawa mikononi mwa watawa. Kwa hiyo mshairi wa Beowulf ni Mkristo anayesimulia habari za Wadane na Wageat wa Skandinavia wa karne ya 6, watu ambao hawakupata kuisikia Injili, na anawapenda kwa dhati. Mvutano wote wa utendi wake unatoka hapo.

Ushujaa wanaouimba washairi hawa hauanzi na nguvu za mwili bali unaanza na kiapo. Bwana aliwalisha wapiganaji wake ukumbini, akawanywesha pombe ya asali, akawagawia pete, panga na farasi. Nao walimlipa kwa kusimama mbele yake vitani, na bwana akiuawa, kurudi nyumbani hai bila kumlipizia kisasi ilikuwa fedheha ambayo mfuasi angekwenda nayo hadi kaburini. Ukubwa wa kifungo hicho unaonekana zaidi pale kinapokatika. Katika shairi linaloitwa The Wanderer, lililohifadhiwa katika kitabu cha Exeter cha karne ya 10, mtu aliyefiwa na bwana wake anasafiri peke yake katika bahari ya baridi. Anaota kwamba anamkumbatia na kumbusu bwana wake na kumwekea kichwa magotini kama zamani, kisha anaamka na kuona ndege wa baharini wakioga huku theluji na mvua ya mawe vikianguka. Msemaji huyo ndiye anayetamka kwamba wyrd haibadilishwi.

Pamoja na kiapo kulikuwa na jina. Mnyama jike wa ziwani, mama yake Grendel, zimwi lililokuwa likiwaua Wadane, anapomuua mshauri mpendwa wa Hrothgar, mfalme wa Wadane, Beowulf, shujaa wa Wageat aliyekuja kuwasaidia, anamwambia mfalme asihuzunike kupita kiasi, kwa kuwa ni bora kumlipizia rafiki kuliko kumlilia. Kila mmoja wetu, anasema, ataufikia mwisho wa maisha yake, basi anayeweza na ajipatie sifa kabla ya kufa, maana hicho ndicho kitu bora atakachoachiwa mpiganaji asipokuwapo tena. Kifo hakina njia ya kukwepwa, lakini sifa ina njia ya kutafutwa, na ushujaa ni kuutumia vizuri muda uliobaki katikati.

Hapa ndipo wyrd inapohitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu ni rahisi kuidhania kuwa amri iliyofungwa ambayo mbele yake mtu hukaa na kungoja. Beowulf hangoji. Kabla ya kupambana na Grendel anakataa upanga na ngao, kwa kuwa zimwi lenyewe halitumii silaha, kisha anaomba kwamba akifa vazi lake la chuma lirudishwe kwa bwana wake Hygelac, na anamaliza kwa kusema kwamba wyrd huenda daima kama inavyopasa kwenda. Ni maneno ya mtu aliyekwisha kupanga mambo yake na ambaye sasa yuko huru kupigana. Baadaye kidogo anasimulia usiku aliouua wanyama tisa wa baharini, na hapo anatoa kauli ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa utendi wote: mara nyingi wyrd humwokoa mtu ambaye siku yake haijafika, maadamu ushujaa wake haujamwishia.

Kauli hiyo ina masharti mawili, na mtu akiyasoma haraka ataona kama yanapingana. Ikiwa siku ya mtu haijafika, ushujaa wake unahitajika wa nini? Na ikiwa imefika, utamfaa nini? Jibu la mshairi, kama ninavyomwelewa, ni kwamba hakuna mpiganaji anayejua siku yake imefika au la mpaka pambano liishe, na katika kutojua huko ndimo uhuru wake ulimo. Mwoga anajihukumu mwenyewe kabla hajahukumiwa. Jasiri anaiachia wyrd nafasi ya kumnusuru. Yako majaaliwa, lakini yanapita katika mikono ya mtu, na mikono hiyo ikilegea basi hata aliyekuwa wa kupona anaweza kupotea.

Msomaji aliyezoea kusema kwamba jambo fulani ni mapenzi ya Mwenyezi Mungu atagundua kwamba wyrd si kitu hicho hasa. Mapenzi ya Mungu yana mwenyewe, ambaye anasikia dua na anajua sababu. Katika Beowulf hakuna mtu hata mmoja anayeiomba wyrd chochote. Inafagia, inakaribia, inanyima, haisikilizi.

Pamoja na hayo, mshairi haiachi ijitawale. Hrothgar anaposimulia maafa ya ukumbi wake anasema kwamba wyrd imewafagia watu wake na kuwatupa katika ukatili wa Grendel, na papo hapo anaongeza kwamba Mungu anaweza kwa urahisi kumzuia mharibifu huyo. Hata ile hotuba ya Beowulf inayoishia na wyrd ilikuwa imetangulia kusema kwamba atakayechukuliwa na kifo lazima auamini uamuzi wa Bwana. Na Grendel akisha kushindwa, mshairi anaeleza kuwa zimwi hilo lingewaua wengine zaidi kama Mungu mwenye hekima na moyo wa mtu yule, Beowulf, visingeizuia wyrd. Mungu yuko juu ya majaaliwa, na bado moyo wa binadamu unatajwa pembeni yake kana kwamba msaada wa mbinguni haukutaka kushuka peke yake.

Wako wasomi wa zamani waliodhani kwamba mistari ya Kikristo ilichomekwa na mtawa katika utendi wa kipagani uliokuwa umekamilika. Sioni jinsi dhana hiyo inavyoweza kusimama. Grendel ni wa ukoo wa Kaini, muuaji wa ndugu yake, na kinachomtia hasira hadi akaanza kuuvamia Heorot, ukumbi wa Hrothgar, ni sauti ya mshairi anayeimba jinsi Muumba alivyoifanya dunia. Ukiiondoa imani, zimwi linakosa asili na sababu. Na aliyeifuma hadithi hiyo alijizuia kwa makusudi: anataja uumbaji, Kaini na gharika, lakini Kristo hamtaji kwa jina hata mara moja, kwa sababu watu anaowasimulia hawakumjua. Wadane walipozidiwa, anasema kwa masikitiko, walikwenda kutoa sadaka kwenye mahekalu ya sanamu na kuliomba msaada pepo baya, kwa vile hawakumfahamu Mungu. Si kila kiongozi wa dini alikubali huruma ya namna hiyo. Mwaka 797 Alcuin, mwanachuoni mashuhuri kutoka Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, alimwandikia askofu mmoja akihoji kuna uhusiano gani kati ya Kristo na Ingeld, shujaa wa kipagani ambaye hata katika Beowulf anatajwa, na kukemea watumishi wa Kanisa kusikiliza nyimbo za mashujaa wakati wa kula.

Jaribio kubwa zaidi la kuipa wyrd mahali pake katika mafundisho ya Kanisa linapatikana katika tafsiri ya kitabu cha Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, inayohusishwa na Mfalme Alfred, ya mwishoni mwa karne ya 9 au muda mfupi baadaye, ambayo inaeleza kwamba hicho tunachokiita wyrd ni kazi ya Mungu anayoitenda kila siku. Kwa maelezo hayo nguvu isiyosikia inapata mwenyewe.

Beowulf mzee hapati faraja iliyo wazi namna hiyo. Baada ya kuwatawala Wageat kwa miaka 50, joka linaichoma nchi yake, naye anaingiwa na wasiwasi kwamba labda amemkosea Mungu. Anaketi juu ya ukingo wa mwamba akiwa na huzuni, wyrd ikiwa karibu mno, na anatamka kwamba litakuwa lile ambalo wyrd, mpimaji wa kila mtu, itawaamulia yeye na joka. Safari hii ushujaa wake haujapungua, ila siku imefika, na mshairi anasema wazi kwamba wyrd haikumwandikia ushindi. Wenzake wanakimbilia msituni. Anabaki Wiglaf, kijana mmoja tu, anayekumbuka kiapo cha ukumbini. Joka linauawa na mfalme anakufa, kisha tunaambiwa kwamba roho yake ilikwenda kuitafuta hukumu ya wenye haki. Je, ni hukumu watakayopewa wenye haki, yaani wokovu, au ni sifa ambayo watu wema watampa baada yake? Mistari inaruhusu maana zote mbili, nami naamini mshairi alitaka iwe hivyo, kwani kumtangaza mpagani kuwa ameokoka asingeweza, na kumtupa motoni hakutaka.

Ushujaa huu haukufa baada ya watu kubatizwa. Mnamo Agosti 991 Byrhtnoth, mtawala wa Essex, aliwaruhusu Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wavuke njia inayofunikwa na maji ya bahari yanapojaa ili wapigane naye bara, uamuzi ambao shairi la vita vya Maldon linauita matokeo ya moyo uliozidi kipimo, na wasomi hadi leo wanabishana kama hilo ni kosa la kiburi au utukufu. Byrhtnoth anapojeruhiwa hataji wyrd. Anamshukuru Mungu kwa furaha zote alizozipata duniani na anaomba roho yake ipite salama bila kudhuriwa na mashetani. Wafuasi wake, baada ya wengine kukimbia, wanabaki kufa naye, akiwamo Dunnere, mkulima wa kawaida. Na mzee Byrhtwold anawaambia kwamba fikra lazima ziwe ngumu zaidi, na moyo uwe mkali zaidi, kadiri nguvu zao zinavyopungua. Mwaka huohuo Waingereza waliwalipa Waviking ratili 10,000 za fedha ili waondoke.