Mnara wa Simu Kijijini: Yanayosemwa na Yaliyomo Katika Sheria

Vijiji vingi vya Tanzania vina mahali panapojulikana na kila mtu kuwa ndipo mtandao unaposhika: kichuguu nyuma ya shule, au mwembe mmoja kilimani, ambako jioni watu husimama wameinua simu juu. Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ya mwaka 2006 ilitungwa kwa ajili ya watu hao, lakini mengi yanayosemwa kuihusu hayamo ndani yake.

Dhana: Sheria inazilazimisha kampuni za simu kufika kila kijiji.

Ukweli: Sheria ilichukua njia nyingine. Ilianzisha mfuko, unaofahamika zaidi kwa kifupi cha UCSAF, ambao hupata fedha kutokana na tozo ya watoa huduma wenye leseni, bajeti inayoidhinishwa na Bunge, na misaada, kisha hutoa ruzuku kwa maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara. Kampuni ikipiga hesabu ya dizeli, ulinzi na barabara isiyopitika wakati wa masika, ikaona kwamba wateja wachache wa eneo hilo hawatairudishia gharama zake, haijavunja sheria kwa kutokwenda. Kazi ya ruzuku ni kuziba pengo hilo ili safari iwe na faida. Kata hutangazwa kwa zabuni na kampuni hushindana, kwa hiyo kata isiyopata mwombaji hubaki ikisubiri. Maneno "kwa wote" yamewafanya wengi wasome ahadi kwa kila kaya, nami siwalaumu, kwa kuwa jina lenyewe linasema hivyo.

Dhana: Mnara uliojengwa kwa ruzuku ni wa Serikali, hivyo laini yoyote itashika.

Ukweli: Mei 2023, jijini Dodoma, ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya takriban shilingi bilioni 126. Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, ilipewa minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Mgawanyo huo unaeleza mengi: mwenye kushinda kata ndiye anayejenga na kuendesha mnara, na laini ya mwenzake haitashika mpaka naye afunge mitambo yake pale juu, au pawe na makubaliano ya kutumia mtandao wa mwenye mnara. Ndiyo sababu mwenye duka hubadilisha laini ili aongee na ndugu zake wa mjini, na wakala wa pesa kwa simu akajikuta anamtuma mteja nyumbani kwa kuwa laini aliyonayo ni ya mtandao usiofika hapo.

Dhana: Kata ikishapata mnara, kila kitongoji kimepata mawasiliano.

Ukweli: Kwa kanuni za kiufundi, mawimbi ya simu za kizazi cha pili (2G) yanaweza kufika kilomita 35 kutoka mnarani, ila katika milima kama ya Usambara na Uluguru, kitongoji kilichojificha nyuma ya mgongo wa mlima hukosa mtandao hata kikiwa jirani tu. Zile sahani za duara zinazofanana na ngoma hazimfikii mwananchi hata kidogo. Zinaunganisha mnara na mnara mwingine, na kiungo kimoja kikikatika, minara inayokitegemea hunyamaza pamoja. Aidha, mnara wa kizazi cha pili hupitisha sauti na ujumbe vizuri, lakini intaneti yake haifai kwa video, na kuuongezea uwezo ni mradi mwingine wenye fedha zake.

Dhana: Mtandao ukisumbua, mlalamikie Mfuko.

Ukweli: Mfuko si msimamizi wa ubora wa huduma. Lalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na asiposhughulikia, hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, likiwa na tarehe, mahali na namba ya simu iliyoathirika. Kijiji ambacho hakina mnara kabisa ndicho chenye hoja kwa Mfuko, na hoja hiyo husafiri kupitia kwa viongozi wake. Ndiyo maana swali la minara halikosekani bungeni.