Kutafiti teknolojia ndani ya biashara: panga kwa tarehe kwanza

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu, upande wa biashara. Ombi ninalolipata mara kwa mara huja hivi: "Naomba makala kuhusu blokucheini kwenye biashara." (Blokucheini ni daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi.) Kabla sijagusa kompyuta huuliza mambo mawili: ni kazi gani ndani ya biashara, na ni miaka ipi? Anayeitumia teknolojia ni mtunza ghala, mhasibu au mnunuzi. Ukishaitaja kazi yake, utafutaji unapungua nusu.

Swali la miaka ndilo wengi hulipuuza. Chukua vibandiko vya RFID, vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio. Mwaka 2003 Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, iliwataka wasambazaji wake wakubwa 100 waanze kubandika vibandiko hivyo kwenye makasha na mapaleti ifikapo Januari 2005. Fungua hifadhidata za makala za biashara kama ABI/INFORM au Business Source, bana matokeo yabaki ya miaka hiyo, utakuta majarida ya biashara yamefurika ahadi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas wakaeleza kwamba maduka yenye RFID yalipunguza kuishiwa bidhaa rafuni kwa asilimia 16. Sasa sogea mbele kidogo. Wasambazaji wanalalamika kwamba gharama ya vibandiko ni yao ilhali faida inakwenda kwa muuzaji, na agizo linalegea. Mwaka 2010 Walmart inarudi na RFID kwa njia nyingine: kwenye nguo moja moja, suruali za jinzi zikiwa za kwanza.

Aliyesoma makala za 2005 tu ataandika habari za ushindi. Aliyeishia miaka mitatu baadaye ataandika habari za kushindwa. Wote wawili watakuwa na marejeo safi kabisa, na wote watakuwa wamekosa jambo lenyewe, yaani nani analipa na kibandiko kinakaa wapi.

Hifadhidata nazo zinachangia tatizo hili. Nyingi hutanguliza makala inayolingana zaidi na maneno yako, nyingine iliyonukuliwa zaidi, na makala ya zamani imepata muda mrefu wa kunukuliwa. TradeLens, mfumo wa blokucheini wa kampuni ya meli ya Maersk na kampuni ya teknolojia ya IBM kwa usafirishaji wa makontena, ulitangazwa 2018. Novemba 2022 wenyewe wakatangaza kuufunga. Makala zilizousifu katikati ya miaka hiyo bado zipo na bado zinanukuliwa. Ndiyo maana nasisitiza: panga kwa tarehe, mpya zitangulie, soma ikisiri (muhtasari wa mwanzo wa makala), kisha rudi nyuma taratibu.

Ukipata makala moja nzuri, tazama istilahi za mada zilizoorodheshwa chini ya ikisiri. Zibofye. Hizo zimewekwa ili kukusanya makala za jambo moja hata kama waandishi wameliita kwa majina tofauti, na kwa teknolojia changa majina huwa mengi mno.

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote wanafunzi hukiruka: ripoti ya mwaka ya kampuni. Kampuni za Marekani zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya nchi hiyo huiwasilisha kwa fomu ya 10-K, na mtu yeyote huisoma bure kwenye EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya 1A, inayohusu hatari. Kampuni iliyojigamba magazetini kuhusu mfumo wake mpya, hapo inalazimika kueleza mbele ya wawekezaji ni nini kinaweza kuharibika. Kwa hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, tumia Espacenet, tovuti ya bure ya kuzitafuta, ila kumbuka maombi kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa. Kimya cha mwaka huu hakimaanishi hakuna anayevumbua.

Ripoti za makampuni ya ushauri zisome ukijua kwamba wengi wao wanauza huduma ya kusimika teknolojia hiyo hiyo.

Na ukikuta makala imefungwa, usilipe. Mwambie mkutubi aiombe kwa azima baina ya maktaba, au aangalie kama chuo chako kimesajiliwa Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo na cha kati majarida ya kitaaluma, bure au kwa ada ndogo.