Kilima Kisicho na Tembo ni cha Nani?

Kwenye mikutano ya mitaa hapa Arusha, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mtaalamu, hifadhi zenye tembo na twiga tunazielewa, wageni wanalipa kuziona. Hiki kilima cha mjini kina nini hata tuzuiwe kujenga?" Silibezi swali hilo. Mara nyingi anayeuliza anatafuta mahali pa kulaza watoto wake.

Huwa najibu kwa habari za Namsan, mlima ulio katikati ya Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Jina lake maana yake ni mlima wa kusini. Kwa kimo hautishi: kilele kiko kama mita 270 kutoka usawa wa bahari, ilhali ukisimama Mnara wa Saa hapa mjini kwetu tayari uko karibu mita 1,400. Aliyezoea kuutazama Meru angeuita kichuguu. Lakini misonobari yake imetajwa katika ubeti wa pili wa wimbo wa taifa wa nchi hiyo, na ukuta wa mji wa kale, uliojengwa 1396, unapita mgongoni mwake. Tembo hakuna. Watu wanaufuata kwa ajili ya miti, hewa na kuutazama mji wao kutoka juu.

Mlima huo nao ulivamiwa. Wakoloni wa Kijapani walijenga hekalu lao kubwa mteremkoni mwaka 1925, likaondolewa 1945. Kisha mwaka 1972 yakasimama majengo mawili marefu ya makazi ya raia wa kigeni, yenye ghorofa zaidi ya 15, yakaziba mandhari. Novemba 1994, mwaka ambao Seoul ilitimiza miaka 600 ya kuwa mji mkuu, maghorofa hayo yaliangushwa kwa baruti na mahali pake pakageuzwa bustani ya mimea. Nawaomba wasomaji wapatafakari hapo. Zilikuwa nyumba imara, zenye maji na umeme, wala hazikuwa zimezeeka. Walilipa kuzijenga, wakalipa tena kuzivunja, ili tu wakazi warudishiwe mlima wao. Tangu 2005 hata magari binafsi hayapandi kileleni. Watu huenda kwa basi, kwa gari la kamba lililoanza kazi 1962, au kwa miguu.

Sisi hatujafika huko, ndiyo maana naandika mapema.

Chukua Suye, kilima chenye minara ya mawasiliano upande wa Kimandolu. Mvua ikinyesha penye miti, tone hupokewa kwanza na majani, likapunguzwa nguvu, likadondokea takataka za majani yaliyooza, kisha likanywewa polepole kufuata mizizi. Sehemu ya maji hayo hutokea baadaye kama chemchemi. Fyeka miti, weka bati na zege, na mvua ileile itashuka kwa dakika chache ikizoa udongo. Udongo wetu wa volkano una rutuba, ila ukiachwa mtupu kwenye mteremko huondoka upesi. Anayechota tope sebuleni ni mkazi wa bondeni, kando ya Themi au Naura, ambaye hakukata hata tawi moja. Kwa hiyo kilima ni chake pia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mteremko, kabla hujalipia kiwanja usiridhike na karatasi ya mauziano peke yake. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji, uonyeshwe kwenye mchoro wa mipangomiji eneo hilo limetengwa kwa matumizi gani. Kuuliza huko kunachukua asubuhi moja.

Na kama tayari unaishi mteremkoni, chimba makingamaji yanayokata mteremko, panda mringaringa, mruka au msesewe, na mikaratusi usiisogeze karibu na chemchemi. Mashimo ya miche yachimbwe wiki chache kabla ya masika, ili mvua ya kwanza iyakute wazi.