Gamba la kobe halitoshi kuwa nyumba

Wengi tumekua tukisikia kwamba kobe amebeba nyumba yake mgongoni, kwa hiyo anayemfuga hana haja ya kumjengea banda: karai au sanduku linamtosha, na hatakua kuzidi chombo alichowekwa. Si kweli.

Gamba ni mwili. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, na ukiligusa kobe anahisi. Halimkingi na baridi wala jua kali, maana joto la mwili wake hutegemea mahali alipo. Ndiyo sababu kila siku anahitaji pa kuota jua na pa kujificha kivulini.

Chukua kobe wa madoadoa wa nyika zetu, anayeweza kufikia sentimita 40 na kupita kilo 10. Akibanwa sandukuni haachi kukua, anakua vibaya. Kila pande la gamba huchomoza kama kichuguu, na mifupa ya kobe mchanga hulainika. Anahitaji miale ya jua ili mwili utengeneze vitamini D, nayo madini ya kalisi yaweze kujenga mfupa. Kioo cha dirisha huizuia miale hiyo. Tangi la kioo nalo linamtesa: kizuizi hakioni, hivyo husukuma kutwa nzima.

Mpe ua wenye nyasi za kula, ukuta imara usiopenyeza macho, maji kwenye sahani isiyo na kina, na kibanda kikavu cha kulala. Na tafadhali, usimwokote porini. Kumfuga kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori.