Lipu ya saruji ndiyo inayozila kuta za Mji Mkongwe

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, iporomoke Desemba 2020, wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wananiuliza swali moja: "Fundi, tumepiga lipu mpya ya saruji, mbona ukuta unazidi kuoza?" Huwajibu bila kuzunguka. Unaoza kwa sababu ya lipu hiyo.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yanayochimbwa ardhini, yakashikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi. Mawe makubwa yamepangwa nje na ndani, na katikati pamejazwa vijiwe na udongo. Jiwe lenyewe lina vitundu, linanyonya maji. Mvua za masika zikipiga, ukuta unalowa. Jua likirudi, maji yanatoka taratibu kupitia lipu ya chokaa, maana nayo ina vitundu. Nyumba nyingi zimesimama hivyo tangu karne ya 19.

Saruji inaziba njia hiyo. Maji yanaendelea kupanda kutoka kwenye msingi, lakini hayana pa kutokea, basi yanazidi kupanda. Yanapanda na chumvi. Kila yakipata upenyo yanakauka, chumvi inabaki ndani ya vitundu vya jiwe, inaganda, inalisukuma jiwe mpaka linamomonyoka. Gonga lipu ya namna hii kwa kifundo cha kidole utasikia ndani kuna uwazi. Bandua kipande: mgongo wake ni mbichi na umepakaa chumvi nyeupe, na jiwe lililokuwa nyuma yake ukilikwaruza kwa ukucha linamwagika unga. Kwa nje ukuta huohuo ulikuwa safi, hauna hata doa.

Tena saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Nyumba kongwe hucheza kidogo kidogo, chokaa inakubali kucheza nayo, saruji inapasuka. Mvua inaingilia kwenye ufa huo.

Kwa hiyo matengenezo hayaanzi na mwiko, yanaanza na kutafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni bomba la choo kilichoongezwa ghorofani, tangi juu ya paa, mfereji wa mvua ulioziba, au kiyoyozi kinachodondoshea maji ukutani mwaka mzima. Ukiacha hayo, kazi nyingine yote ni bure. Chanzo kikishazibwa, bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine inatikisa mawe na kulegeza vijiwe vya katikati. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, usiioshe, kwani maji yatairudisha ndani. Halafu subiri ukuta ukauke. Ukuta mnene unataka miezi, na hapa ndipo nagombana na wenye nyumba, kwa sababu kila mtu anataka kuhamia kabla ya Ramadhani.

Chokaa nayo ina adabu zake. Mawe huchomwa kwenye tanuu la magogo kwa joto linalofika kama nyuzi 900, kisha huzimwa kwa maji. Hapo inachemka kwelikweli, kwa hiyo kinga macho na ngozi. Iache shimoni chini ya maji wiki kadhaa. Ikikaa miezi ni bora zaidi. Iliyoiva ukiikata kwa mwiko ni laini na nzito kama samli iliyoganda. Mimi huchanganya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na mchanga wa pwani siutumii kabisa, una chumvi. Lowesha ukuta, jaza mashimo kwa vijiwe na chokaa, kisha piga lipu nyembamba ya kama sentimita moja, uache ishike kabla ya kuongeza ya pili. Ifunike kwa magunia mabichi, jua lisiinyang'anye maji. Chokaa haigandi kwa kukauka tu. Inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na safari hiyo ni ndefu.

Juu yake paka chokaa, si rangi ya plastiki. Rangi ya plastiki inaziba vilevile.

Boriti ndizo zinazoninyima usingizi. Dari zetu zimebebwa na miti ya mikoko isiyofika mita tatu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Vichwa vyake vimezikwa ukutani, na ukuta ukibaki mbichi huozea humo ambamo hakuna anayeona. Chomeka bisibisi pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama bila kupingwa, weka mihimili ya kuegemeza leo, kisha badilisha kwa boriti mpya. Wapo wanaomwaga zege na nondo badala yake. Mimi nakataa, kwa sababu zege ni zito mno kwa ukuta wa matumbawe, na uzito wote unawashukia walio chini.

Kazi ndogo uliyonayo kila baada ya mvua ni miche ya mti wa mtini inayoota kwenye nyufa. Usiivute, itang'oka na mawe. Ikate ingali michanga, fukua mizizi polepole, kisha ziba ufa kwa chokaa. Kwa lolote kubwa kuliko hilo, pitia kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe uchukue kibali, na upige picha za ukuta kabla fundi hajaugusa.