Kujumlisha vipindi si kuhamisha pensheni

Juzi nilikuwa barazani kwa mjomba, Mikindani, bahasha ya kaki iko magotini pake. Mjomba alichangia mfuko upande huu miaka 9, kisha akavuka Ruvuma akafanya kazi Pemba, ile ya Msumbiji, miaka 7. "Ile ya Msumbiji nitaihamisha, niijumlishe na ya hapa, nilipwe moja," akaniambia. Ni mtu wa tatu mwaka huu kuniambia maneno hayo hayo, na wote watatu ni watu wazima wanaopanga uzee wao juu ya hesabu isiyokuwepo. Ndiyo maana naandika.

Kujumlisha vipindi vya uchangiaji maana yake ni hii: nchi mbili zenye mkataba wa hifadhi ya jamii zinahesabu pamoja miezi uliyochangia kila upande, ili utimize sharti la kupata pensheni. Basi.

Kinachotuponza ni neno jumla. Sisi tumelikuta sokoni. Kuna bei ya jumla na bei ya rejareja, muuza dagaa akimaliza kupima anakwambia "jumla yako elfu nane." Kwa hiyo sikio likisikia kujumlisha, mkono unatafuta pochi. Lakini hilo neno la Kiarabu asili yake ni ukamilifu wa vitu vilivyowekwa pamoja, viwe nazi, siku au watu. Fedha tumeitia sisi. Wengine husema kujumuisha, na wanadhani ni neno moja limetamkwa tofauti. Hapana, mizizi ni miwili. Jumuisha ni ndugu wa jumuiya, jamaa, jamii na Ijumaa: habari yake ni kukutanisha. Jumlisha ni kuhesabu. Na hapa kinachohesabiwa ni miezi.

Kuhamisha ndiko kunakonikera zaidi. Mtu akihama Lindi kwenda Masasi anabeba godoro, masufuria na kuku, nyumba inabaki tupu. Michango haihami hivyo. Uliyoichangia Msumbiji iko kwenye mfuko wa Msumbiji, na ya Tanzania iko Tanzania, hata kama mkataba upo.

Chukua miaka ya mjomba uiweke kwenye nchi mbili zenye mkataba, kila moja ikitaka miezi 180, kama NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, inavyotaka kwa pensheni ya uzee. Miaka 9 ni miezi 108, miaka 7 ni 84. Peke yake, hakuna upande unaotosha. Pamoja ni 192, mlango umefunguka. Nchi ya kwanza inapiga hesabu ya pensheni kana kwamba miezi yote 192 ilikuwa yake, kisha inalipa sehemu yake tu, 108 kati ya 192. Ya pili inalipa 84 kati ya 192 kwa kanuni zake. Malipo mawili, kutoka ofisi mbili.

Pasipo mkataba, kila nchi inahesabu peke yake. Marekani ilianza mikataba hii na Italia mwaka 1978, na hadi leo haina hata mmoja na nchi ya Afrika. Uingereza inataka angalau miaka 10 ya uchangiaji. Aliyeitimiza akarudi kuishi Lindi atalipwa, ila kiwango kinabaki pale pale kilipoanzia, hakipandi kila mwaka kama cha mstaafu aliyebaki kule, kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambako wanakipandisha.

Tulimwaga bahasha mkekani. Karatasi za Kireno tukaziweka kushoto, za Kiswahili kulia, kila fungu na kibanio chake, maana ni madai mawili. Nikamwambia, "Mjomba, ukifika dirishani uliza kwanza kama kuna mkataba unaokuhusu. Ukiwepo, usiseme nataka kuhamisha pensheni. Sema nataka miezi yangu ya Msumbiji itambuliwe." Akaichukua kalamu, akaiandika sentensi hiyo juu ya bahasha, na neno miezi akalipigia mstari.